Uliza Tujibu: Jua lamchanachana

Mwezi huu nimechagua barua nne, na moja kati yake inanigombeza. Nimeipenda hiyo kuliko zile nyingine. Anayetaka kunisifu na atume shairi la kumsifu mhariri. Tunayapokea kila wiki na hatujachapa hata moja.

Ulinibadilia mstari

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Muheza, mchana nauza machungwa pamoja na mama, usiku naandika mashairi. Mwaka huu nimewatumia manne. Matatu hamkuyatoa. La nne mlilitoa toleo lililopita, ila kipande kimoja si changu. Mimi niliandika "Mama ameketi chini, jua lamchanachana." Kwenye jarida nimekuta "jua kali tena sana." Mizani yangu ilikuwa kamili na vina vilikuwa kamili. Mama amenisomesha mara mbili akauliza, mbona hapa umekuwa kama watu wengine? Sasa nauliza: mnapima kwa kipimo gani? Au shairi zuri ni lile linalompendeza Mwalimu, basi?*
Msomaji, Muheza

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinikuta nimekaa, ikaniinua. Nilidhani unanisingizia, nikaenda kuitafuta karatasi yako kwenye boksi la viatu ninamoweka yaliyokwisha kuchapwa. Nimeipata. Ni karatasi ya daftari, ina doa la maji ya chungwa pembeni, na katika ubeti wa tatu maneno yako yamekatwa kwa wino mwekundu. Mwandiko ulio juu yake ni wangu. Nilitamani uwe wa mpiga chapa, lakini ni wangu.

Nikahesabu kwa vidole: ju-a-la-m-cha-na-cha-na. Nane. Kina ni "na", na mistari yote minne inaishia "na". Hukukosea popote.

Nikueleze ilivyokuwa. Usiku ule nilikuwa na mashairi zaidi ya thelathini mezani. Lako lilinishika tangu mwanzo: machungwa ya njiapanda, kikapu, vumbi la lori lisilosimama. Nilipofika "lamchanachana" nikakwama. Hapa kwangu Ngamiani, Tanga, wajukuu wakisema fulani "anachana" wana maana anaimba ule muziki wa kufokafoka, na wakisema "nimemchana" wana maana wamempa mtu ukweli wake bila kupaka mafuta. Basi mimi nikasikia kijiwe kimeingia kwenye shairi la mama. Halafu kule kurudia, chana chana, nikakuona kama mtu aliyeishiwa maneno akaamua kulitumia moja mara mbili. Nikachukua kalamu, nikaandika "jua kali tena sana", nikaghani ubeti mzima kwa sauti, ukateleza, nikaridhika, nikalala.

Sasa tazama nilichokiweka. "Tena sana" pale haina kazi. Ni makapi ya kujazia gunia lifike mizani nane. Nimelitoa neno lenye damu nikaweka makapi, na bado sikio langu likafurahi, kwa sababu "tena sana" nimelisikia kwenye mashairi tangu nikiwa binti wa kubebeshwa maji. Sikio lilikuwa limezoea tu. Mimi nikadhani limependa.

Juzi nikakaa na neno lako, nikaliacha liseme. Kuchana ni kazi ya chanuo kichwani. Kuchana pia ni kupasua nguo. Na kuchanachana ni vile unavyoifanya karatasi usiyotaka mtu aisome. Mama amekaa kando ya njia bila kivuli, jua linampita kichwani kama chanuo, linampasua kama khanga kuukuu, yote kwa neno moja. Hilo nisingelipata hata kama ningeishi miaka mingine sabini, kwa sababu sijawahi kukaa njiapanda ya Muheza saa saba za mchana nikisubiri lori.

Umeuliza kipimo. Kipo cha kuhesabika, na hicho hakina ubishi. Mimi nakipima jikoni. Nakaa juu ya mbuzi nakuna nazi, na mtu mmoja ananisomea. Shairi lenye mizani kamili hufuata mkono: kwara kwara, kwara kwara, nane na nane. Likipungua silabi moja, mkono unajikwaa. Zaidi ya hapo kuna kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, ambacho kwetu sisi wa umri wangu kilikuwa kama kitabu cha sala. Vina, mizani, kituo, vyote vimepangwa mle, na nakala yangu haina jalada kwa kushikwa.

Lakini kuna jambo ambalo walimu hatukuwaambia wanafunzi wetu, labda kwa sababu na sisi hatukuambiwa. Kanuni hizo nazo ziliwahi kuwa ladha ya mtu. Shairi hili la mistari minne, nane kwa nane, tunalolichukua kama limeshuka na mvua, lilishamiri Mombasa mikononi mwa Muyaka bin Haji na wenzake, mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla yake tenzi zilikuwa na mwendo wao wa mizani michache, na tumbuizo zinazohusishwa na Fumo Liyongo zina mistari mirefu inayokwenda kwa pumzi ya mwimbaji. Husemwa kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Akautumia kutania, kutongoza, kushindana na watu wa Lamu. Watu wakaupenda mwendo wake, waliofuata wakauiga, na waliofuata hao wakauandika kama sheria. Kwa hiyo mara nyingine ninapomwambia kijana "kanuni hairuhusu", ninachomwambia hasa ni kwamba kuna mzee mmoja wa Mombasa alipenda vingine.

Na nilishakosea hivi kabla yako, tena hadharani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alitoa *Kichomi*, diwani ambayo mashairi yake mengi hayafuati vina wala mizani. Kitabu kilipotufikia chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alikishika kwa ncha za vidole kama mtu anayemtoa panya mtegoni. Akasoma kipande, akakifunga, akasema: "Kuliko hili, hata guni ni bora," yaani hata shairi lililokosea vina au mizani. Darasa zima tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa nilitaka alama. Nchi nzima ilikuwa inagombana wakati ule, wanajadi huku na wanamabadiliko kule, na sisi tulikuwa tumechagua upande kabla ya kufungua ukurasa wa pili.

Miaka mingi baadaye nikapangiwa kukifundisha kidato cha tano. Nikaingia darasani na kicheko changu mfukoni. Binti mmoja aliyekuwa anakaa nyuma, mwenye kigugumizi, akaomba asome yeye. Alisoma polepole, anakwama, anapumzika mahali ambapo mshairi mwenyewe alikuwa amekata mstari, na kigugumizi chake na ile mikato vikawa kitu kimoja. Darasa likanyamaza. Mimi nikatoka nje kusingizia chaki. Tangu siku hiyo sijalipenda shairi huru kwa moyo wangu wote, nisikudanganye. Likija mezani bado nalitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Ila najua kwamba huko ni kutopenda kwangu, na kutopenda kwangu hakuthibitishi kwamba shairi ni baya.

Sasa usije ukanielewa vibaya ukadhani nimesema kila mtu na lake. Hapana. Baada ya barua yako niliyarudia yale matatu niliyoyakataa, asubuhi, nimeshakunywa chai, nisije nikasema ni uchovu. Mawili nayakataa tena. Lile la amani na lile la elimu yana mizani safi na vina safi, lakini angeweza kuyaandika mtu yeyote wa Kigoma au wa Mtwara, mwaka wowote. Ndani yake hamna chungwa hata moja. Ulikuwa unaandika unavyodhani Mwalimu anapenda, na kwa bahati mbaya ulibahatisha: ndivyo ninavyopenda, na ndiyo maana yamenichosha. La tatu, la baiskeli ya marehemu mjomba wako, nilikosea. Litatoka toleo lijalo na sitaligusa hata nukta.

Mwambie mama yako namsalimu. Sikio lake ni zuri kuliko langu.

Leso isiyo na maneno

*Mwalimu, salaam kutoka Mombasa. Binti yangu anaolewa, nasi twataka kuchapisha leso za harusi. Yeye ataka leso isiyo na jina kabisa, ati maandishi yaharibu sura. Mimi nasema leso bila jina ni kitambaa cha meza. Nyumbani hakukaliki. Tuamue.*
Mama wa bibi harusi, Mombasa

Dada yangu, hapa mtanisamehe, binti ana hoja. Kanga za mwanzo kabisa hazikuwa na maneno. Pindo na mji, ile sehemu ya katikati, vilitangulia, jina likaja baadaye, na kwa muda mrefu liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Unachokiita asili ni cha bibi yako. Anachokitaka binti ni cha bibi wa bibi yako, ingawa yeye mwenyewe hajui.

Ila kwa upande wangu nisingevaa. Mimi kanga naichagua kwa jina kwanza, rangi baadaye, na sanduku langu lina kanga mbaya sana za rangi ambazo sizitoi kwa mtu kwa sababu ya maneno yake. Marehemu mume wangu alikuwa anazisoma mlangoni kabla hajavua viatu, ajue siku hiyo aingieje. Mngemtolea mama mkwe kanga isiyosema neno, angekaa usiku kucha akitafuta imemficha nini.

Chapeni mafungu mawili. Na ile ya kisutu mnunue dukani ilivyo, nyekundu, nyeusi na nyeupe, hiyo msiijadili.

Twiga wa jirani

*Habari za kazi Mwalimu. Mimi ni mchoraji wa tingatinga, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na moja sasa. Nikichora twiga, tembo na Mlima Kilimanjaro, zinaondoka. Nikichora ninachokitaka mimi, inakaa ukutani mpaka inaota vumbi. Mwenzangu tunayekaa naye benchi moja anachora twiga yuleyule, na kuna siku tulichanganya picha tusijue ipi ya nani. Naomba uniambie kweli: mimi ni msanii au ni mashine ya fotokopi?*
Mchoraji, Msasani

Swali lako nimelibeba wiki mbili, kwa sababu mimi ni mtu wa maneno, rangi nazitazama kwa jicho la mnunuzi. Lakini mnunuzi ndiye anayekusumbua, kwa hiyo huenda nafaa.

Tuanze na mwenye jina. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya vibarua vya kila aina, na mwaka 1968 akaanza kuchora akiwa Dar es Salaam. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alikuwa na bodi za dari, akazikata mraba wa kama sentimita 60 kwa 60, na rangi ya kupakia baiskeli. Ule mng'ao ambao leo mtalii anauita roho ya Afrika ni mng'ao wa baiskeli. Picha zikauzwa karibu na maduka ya Oysterbay walikokuwa wakinunua wazungu, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne! Kila twiga uliyemchora wewe kwa miaka kumi na moja anatokana na mkono wa mtu aliyefanya kazi hii miaka minne.

Kwa hiyo kutaka kuuza hakumfanyi mtu fotokopi. Yeye mwenyewe alichora ili ale. Lakini ukizitazama picha zake, mara nyingi ni mnyama mmoja amejaza bodi nzima, nyuma yake rangi tupu, labda na jani na ndege. Sasa tembea kwenye vibanda vyenu: pamejaa. Maua, watu sokoni, hospitali, mganga na wateja wake, wanyama ishirini wanapandana migongo. Nani aliruhusu? Kuna mwanafunzi, au wanafunzi, ambao ile rangi tupu ya nyuma iliwakera. Wakaona mahali pamebaki wazi, wakapajaza. Walimfuata mwalimu wao katika kila kitu isipokuwa katika lile lililowawasha, na hapo ndipo mtindo ulipopanuka.

Nawe nakupa zoezi la darasani. Chukua picha ya jirani yako, itundike mbele yako, kisha uandike kwenye karatasi mambo matatu yanayokukera ndani yake. Usiseme "ni ya kawaida", hilo si jambo. Sema: mbona twiga daima anatazama kulia? Mbona nyasi zote zina urefu mmoja kama zimekatwa na manispaa? Mbona mlima hauna watu, na mimi nina shangazi anaishi mlimani? Kisha mchore twiga wako, wa kuuza, ugali usikatike, ila hilo moja linalokukera usilifanye. Moja tu. Picha itakayofuata, la pili.

Nasema kinachokukera, sisemi unachokipenda, kwa sababu tunachokipenda tumekipata kwa watu. Mteja anampenda twiga, nawe umempenda kwa kuwa analipa ada ya shule. Lakini hakuna aliyekufundisha kukereka na nyasi. Hilo limetoka kwako.

Wapo waliofika kwa njia nyingine. George Lilanga kabla ya kujulikana kwa rangi alikuwa mchongaji wa Kimakonde. Wale mashetani wa masikio makubwa na matumbo ya mbele walikuwa kwenye mpingo kwanza, akawahamishia kwenye rangi, nao wakacheza kuliko walivyocheza kwenye mti. Na huko kwenye mpingo inasimuliwa kwamba mtindo wenyewe wa mashetani ulianza miaka ya 1950, pale mchongaji aitwaye Samaki Likankoa alipovunjikiwa na kinyago. Alikuwa akitengeneza kama walivyotengeneza wote, kikakatika. Mfanyabiashara Mohamed Peera akakiona kile kilema, akakipenda, akakiweka dukani, kikanunuliwa, akaagiza vingine. Fikiria mtu mwingine angekuwa nyuma ya kaunta siku hiyo. Kinyago kingekwenda jikoni kuchemshia maharage.

Mimi nyumbani nina picha moja tu ya tingatinga. Binti yangu alinipeleka Oysterbay, nikapita twiga mmoja, nikapita wa pili, nikapita nadhani twiga arobaini. Chini kabisa, nyuma ya ndoo, kulikuwa na kambale. Kambale mmoja, amejaa kwenye kibodi kidogo, rangi ya nyuma ni ya maji machafu, na macho yake ni ya mtu anayedaiwa na kila duka mtaani. Nikacheka peke yangu. Mwenye picha akaona haya. Akasema, "Hiyo mama nilikuwa najaribu tu," akanipunguzia bei hata sijaomba, akaifunga kwa gazeti haraka haraka kama anauza magendo. Kambale yule anakaa juu ya jokofu langu. Nikiwa na mashairi ya kuchagua, huwa namtazama kwanza.

Kama ulikuwa ni wewe, chora mwingine. Jirani yangu naye anamtaka, na safari hii usipunguze.

Nisome au nisisome?

*Mwalimu shikamoo. Niko kidato cha sita Morogoro, na nimeamua kuwa mshairi. Rafiki yangu ananiambia nisisome washairi wa zamani kwa sababu nitawaiga na nitapoteza sauti yangu. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema kinyume. Nani yuko sahihi?*
Msomaji, Morogoro

Mwalimu wenu, na silisemi kwa kuwa ni wa kabila langu la chaki.

Nina ushahidi kwenye boksi. Tangu nianze kazi hii nimepokea mashairi ya watu wengi wanaojisifu kwenye barua zao kwamba hawajasoma mtu, yote yametoka kichwani mwao. Unajua yanaanzaje? "Kalamu naishikiya." Kama si hivyo, "Mola nipe uwezo" au "Hodi hodi wahariri". Hawafahamiani, mmoja yuko Sumbawanga, mwingine Pemba, na wote wamevumbua mstari mmoja. Hakuna anayeiga kama mtu asiyejua anamwiga nani. Maneno yameingia sikioni redioni, harusini, madrasani, yamekaa, na siku anapoandika ndiyo yanayotangulia kutoka, naye anayaona mapya kwa sababu hakumwona aliyeyaleta.

Upande wa pili mtazame Abdilatif Abdalla. Alikulia Mombasa katikati ya washairi, amenyonya vina na mizani toka utotoni. Mwaka 1969 akafungwa Kenya kwa kijikaratasi kilichoiuliza serikali nchi inakwenda wapi, akakaa ndani miaka mitatu, na mle gerezani akaandika kwenye karatasi za chooni mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Hakuvunja kanuni za kale. Bahari, yaani aina za mashairi, ni zilezile, lahaja ni ileile ya Mombasa, Muyaka angekaa akasikiliza bila kushangaa hata mara moja, mpaka pale ambapo angesikia kinachosemwa. Kezilahabi aliacha vina, huyu akavishika, ndani ya mwaka mmoja wametoa vitabu viwili, na hakuna anayeweza kumchanganya mmoja na mwingine, wala yeyote kati yao na mtu wa tatu.

Kwa hiyo soma. Sikutumi kwa washairi ishirini, huo ni mtihani. Chukua mmoja. Mimi ni wa Tanga, nitakutuma kwa Shaaban Robert, ingawa nakiri kuna siku mawaidha yake yananichosha na natamani angegombana na mtu kidogo. Chukua mashairi yake matano, uyahifadhi, uyaghani ukiosha vyombo. Wiki ya tatu hivi, kuna mahali ulimi utakataa. Utataka kusema neno jingine, au kunyamaza pale yeye anaposema, au kucheka. Weka alama hapo kwa penseli. Usinitumie shairi mpaka uwe na alama kama sita.

Na ukinitumia, usianze na kalamu.

Masahihisho

Katika toleo lililopita, shairi la "Njiapanda", ubeti wa tatu, mstari wa pili, uliharibiwa na mhariri. Usomeke kama alivyouandika mwenyewe:

Machungwa njia pandani, yamengoja tangu jana,
Mama ameketi chini, jua lamchanachana,
Lori halionekani, vumbi tupu twaliona,
Yanaoza kikapuni, na sisi twatazamana.